KAMPUNI YA MTU MMOJA: NI TAJIRI AU NI KIBARUA?



Swali lililotufikia kutoka kwa wenzetu wa karakana na wa njia ya reli ni fupi, lakini jibu lake lataka subira. Mtu alikuwa akifanya kazi kwa mshahara. Akaambiwa aende akaandikishe kampuni yake mwenyewe, kisha arudi pale pale, afanye kazi ile ile, ila sasa alipwe kwa ankara badala ya mshahara. Je, mtu huyo amekuwa mwenye kujiajiri? Ama yu mfanya kazi kama alivyokuwa jana? Na chama chetu kimhesabu kuwa nani?

Twatoa jibu letu mapema ili msomaji asisumbuke kulitafuta mwishoni. Jina la kampuni peke yake halimtoi mtu katika kundi la wafanya kazi. Kinachomtoa ni kazi yenyewe ilivyo: nani amwamuru, nani mwenye vyombo, nani apataye faida na nani abebaye hasara. Karatasi yaweza kuandikwa neno lolote. Mtaimbo hausomi karatasi.

Tuanze na wenye kujiajiri kweli, maana wapo, na twawaheshimu. Pita Bondeni asubuhi uwaone. Yule fundi seremala ana randa yake na msumeno wake. Apatana nawe bei ya kitanda, na akikosea kipimo mbao ni hasara yake. Akimaliza upesi faida ni yake, na kesho atafanya meza ya mtu mwingine. Yule mama wa mahamri na mbaazi, unga kanunua yeye, mafuta kanunua yeye, na hakuna nyapara wa kumwuliza mbona leo umechelewa. Yule mwenye mkokoteni wake abeba mizigo ya Marikiti kwa kupatana na kila mwenye mzigo, na bei isipompendeza huketi kivulini. Watu hawa hawana tajiri. Wana wateja.

Sasa mtazame yule mwenzetu mwenye kampuni mpya. Huamka saa ile ile aliyokuwa akiamka. Huingia kwa lango lile lile, kwa pasi aliyopewa na tajiri. Jina lake li katika orodha ya zamu. Mashine ya kuchomelea ni ya tajiri, gesi ni ya tajiri, sare ina alama ya tajiri. Nyapara akisema njoo huja, akisema nenda huenda. Hana mteja mwingine, wala hana nafasi ya kumtafuta, maana siku yake yote imekwisha kununuliwa. Mwisho wa mwezi huandika ankara, na kiasi cha ankara amekipanga tajiri. Kitu gani kimegeuka hapo? Kilichogeuka ni jina tu. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

KWA NINI TAJIRI ATAKA HIVI?

Watu wengine husema tajiri afanya hivi ili awainue wafanya kazi wawe mabwana. Hatusemi hakuna tajiri mwema duniani. Lakini yafaa kufanya hesabu kabla ya kushukuru.

Tumchukue mtu alipwaye Sh. 24,000 kwa mwezi. Aambiwa, "Fungua kampuni, nami nitakulipa Sh. 28,000." Furaha kubwa: Sh. 4,000 zaidi! Sasa tupige hesabu kwa utulivu.

Kwanza, Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 yamtaka tajiri aweke asilimia 6 ya mshahara kwa ajili ya uzee wa mfanya kazi, na mfanya kazi naye aweke asilimia 6. Kwa mshahara wa Sh. 24,000, fungu la tajiri ni Sh. 1,440 kila mwezi. Mwenye kampuni hapewi fungu hilo. Akitaka akiba ya uzee, aiweke yote yeye mwenyewe.

Pili, Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Tukihesabu siku 26 za kazi kwa mwezi, siku 1 ni Sh. 923, na siku 21 ni karibu Sh. 19,385 kwa mwaka, yaani Sh. 1,615 kwa mwezi. Mwenye kampuni akipumzika hana ankara ya kuandika.

Tatu, sikukuu za serikali. Tuhesabu 10 tu kwa mwaka: hizo ni Sh. 769 kwa mwezi.

Jumlisha: Sh. 1,440 na Sh. 1,615 na Sh. 769 ni Sh. 3,824. Zile Sh. 4,000 za furaha zimebaki Sh. 176. Na bado hatujahesabu siku za ugonjwa, wala viatu vya kazi, wala kofia, wala karani wa kukuandikia hesabu za kodi. Na karani huyo utamhitaji, kwa kuwa kampuni yapaswa kupeleka hesabu yake ya kodi kila mwaka hata ikiwa haikupata faida, na ikichelewa faini yake huanzia Sh. 20,000, hali mtu binafsi huanzia Sh. 2,000. Tena mtu wa mshahara wa Sh. 24,000 hana PAYE ya kulipa, maana msamaha wa Sh. 2,400 wameza kodi yote. Lakini ankara ya Sh. 28,000 yaweza kukatwa asilimia 3 au 5 kabla haijakufikia mkononi, kwa kufuata aina ya kazi, na ukitaka kurudishiwa utafute kwa maombi.

Kwa upande wa tajiri, hesabu ni nzuri. Haweki NSSF, haweki ile asilimia 1.5 ya nyumba, halipi likizo, hana kiinua mgongo. Siku akikuchoka, hakufukuzi. Asema tu, "Mkataba wa kampuni yako umekwisha." Hakuna notisi ya siku 28, hakuna barua ya sababu, hakuna kusikilizwa mbele ya mwakilishi wa chama. Na kazi ikipungua, zile siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotumika, ambazo sheria humpa mtu apunguzwaye kazini, wewe huna.

KAMPUNI HAINA MGUU WA KUVUNJIKA

Hayo ya fedha ni machungu, lakini liko jambo zito kuliko hayo, nalo ni kuumia.

Sisi wa reli hatuhitaji kufundishwa maana ya neno hili. Kazi yetu ni ya chuma na uzito. Taruma likiteleza halichagui. Behewa likirudi nyuma haliulizi nani wa mwezi na nani wa mkataba. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, iitwayo WIBA, yamlazimisha tajiri awe na bima kwa ajili ya wafanya kazi wake. Mfanya kazi akiumia akapoteza kabisa nguvu zake za kazi kwa maisha yake yote, hesabu ya sheria ni mapato ya miezi 96. Kwa mtu wa Sh. 24,000, hizo ni Sh. 2,304,000. Hazimrudishii mguu, lakini watoto watakula na watasoma.

Sheria hiyo ni ya wafanya kazi. Mtu akisha kukubali kwamba yeye ni kampuni, tajiri atasimama na kusema: "Mimi sikumwajiri mtu huyu. Nilifanya biashara na kampuni." Na kwa juu juu maneno yake yaonekana kweli, maana tangu shauri la Salomon, mfanya biashara ya viatu wa London, lililokatwa Uingereza mwaka 1896, sheria zilizofuata njia ya Kiingereza husema kampuni ni mtu mbali na mwenye kampuni. Basi tajiri aliyeandikiana na kampuni aliandikiana na mtu asiye na mwili. Kampuni haina mguu wa kuvunjika. Haina homa, haina uchungu wa kuzaa, haina uzee. Mwenye hivyo vyote ni yule aliye ndani yake, na yeye ndiye aliyefichwa.

SHERIA YETU YASEMAJE?

Wengi hukata tamaa wakasema, "Nimekwisha tia sahihi, basi." Ngoja kwanza, ndugu.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au mshahara. Yasema pia mkataba wa kazi waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, wa wazi au wa kueleweka kwa matendo. Angalia neno hilo: kwa matendo. Na kifungu cha 3 chasema masharti ya sheria hiyo ndiyo kiasi cha chini kabisa, na mapatano yoyote ya kuyaacha au kuyapunguza ni batili. Maana yake ni kwamba kama kweli wewe ni mfanya kazi, huwezi kuiuza likizo yako kwa sahihi, hata ukitaka.

Ndiyo maana mashauri ya namna hii yafikapo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, majaji hawaishii kwenye kichwa cha karatasi. Hutazama mambo yalivyo. Hata Shirika la Kazi la Dunia, ILO, katika Pendekezo lake la 198 la mwaka 2006, lilizitaka nchi zitazame kwanza ukweli wa kazi yenyewe, si jina ambalo pande mbili zimejipa, na lilitaja wazi ajira iliyovishwa vazi la kitu kingine.

Basi kila mwanachama ajiulize maswali haya:

1. Nani apangaye saa zangu na namna ya kufanya kazi yangu? Mteja huagiza kitu; tajiri huagiza mtu.

2. Vyombo ni vya nani? Sururu, beleshi na koleo zaweza kuwa zangu, lakini je, mashine na karakana?

3. Nikishindwa kuja, naweza kumtuma ndugu yangu au fundi mwingine afanye mahali pangu? Ama lazima niwe mimi?

4. Nikifanya kazi kwa akili zaidi, faida ni yangu? Nikikosea, hasara ni yangu?

5. Nina wateja wengine kweli, ama huyu peke yake?

6. Naweza kukataa kazi ya leo na kesho nikaitwa tena bila adhabu?

7. Nimo ndani ya shughuli za tajiri, katika orodha ya zamu, kwa sare na pasi, ama nimesimama nje kama mtu apitaye?

Hakuna swali moja liwezalo kukata shauri peke yake. Hutazamwa yote pamoja. Na twasema wazi, ili tusidanganyane, kwamba wengine watashindwa. Mwaka 1967 huko Uingereza liliamuliwa shauri la madereva wa kampuni ya zege iliyoitwa Ready Mixed Concrete. Dereva alitakiwa kununua lori kwa mkopo, alipake rangi za kampuni, avae sare, atii amri. Hata hivyo jaji alisema si mwajiriwa, na sababu moja kubwa ni kwamba lori lilikuwa lake na aliweza kumweka mtu mwingine aliendeshe. Kwa hiyo asije mtu akatangaza kwamba kila mwenye kampuni ni mfanya kazi. Wapo walio wafanya biashara kweli, na wapo walio kati, kama dereva wa tuktuk isiyo yake apelekaye hesabu kwa mwenyewe kila jioni. Mambo ya kati hutaka kutazamwa moja moja.

MAMBO YA NCHI NYINGINE

Jambo hili si la Mombasa peke yake. Waingereza wamelishindania zaidi ya miaka 20. Watu wengi huko waliacha kazi siku ya Ijumaa wakiwa waajiriwa, wakarudi Jumatatu mahali pale pale wakiwa na kampuni zao. Serikali ikaona kodi yapotea, ikatunga kanuni ijulikanayo kwa jina la IR35, iliyoanza Aprili 2000. Kanuni hiyo yasema: ikiwa mtu huyo angehesabiwa mwajiriwa kama kampuni yake isingekuwapo katikati, basi alipe kodi kama mwajiriwa. Baadaye mzigo wa kuamua ukawekwa kwa yule apewaye kazi: idara za serikali tangu 2017, na makampuni makubwa na ya kati tangu 2021.

Lakini tazameni hila iliyomo. Kanuni ile ilikuwa ya kodi. Ilimfanya mtu awe mwajiriwa mbele ya mtoza kodi, haikumpa likizo wala malipo ya ugonjwa kwa tajiri yule. Wengi wakalalamika kwamba watozwa kama waajiriwa na wanyimwa kama wageni. Twalitaja hili kwa sababu siku moja serikali yetu nayo yaweza kuamka kwa ajili ya kodi. Siku hiyo chama kisikae kimya. Kikiitwa mfanya kazi kwa kulipa, kiitwe mfanya kazi kwa kupewa pia.

Jambo la kutia moyo ni lile la Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipokata shauri la madereva wa Uber. Kampuni ilisema madereva ni wafanya biashara wenye kujitegemea, na karatasi ziliandikwa hivyo. Majaji walisema hawaanzi na karatasi zilizoandikwa na mwenye nguvu. Waanza na sheria na shabaha yake ya kumlinda mnyonge. Wakaona kampuni ndiyo iliyopanga nauli, ndiyo iliyopanga masharti, na ndiyo iliyomwadhibu dereva akikataa abiria mara nyingi. Wakawapa madereva haki ya ujira wa chini na ya likizo. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini mawakili wetu waweza kuisoma mbele ya jaji kwa mfano.

KUNDI LA TATU: NYAPARA ALIYEFANYWA TAJIRI

Liko kundi lingine ambalo hali yake yatutia wasiwasi zaidi. Ni yule mwenzetu hodari wa genge. Aambiwa: "Wewe fungua kampuni, wachukue watu wanane, mbadilishe mataruma na kushindilia kokoto kutoka hapa mpaka pale, nitawalipa kwa urefu wa njia." Ameona ni cheo. Hakuambiwa kwamba siku hiyo yeye amekuwa tajiri mbele ya sheria. Wale wanane ni wafanya kazi wake. NSSF yao ni juu yake. Likizo yao ni juu yake. Bima ya WIBA ni juu yake. Mmoja wao akipondwa vidole, madai yataletwa kwake, si kwa yule aliye katika ofisi yenye feni. Na fedha alizopewa ni za mikono tu, hazina fungu la bima.

Ndugu nyapara, kabla hujatia sahihi, hesabu watu wako, kisha hesabu fedha, kisha jiulize: fedha hizi zawatosha wao kwa sheria, au zawatosha kwa posho tu? Ikiwa ni kwa posho tu, basi hukupewa biashara. Umepewa lawama ya mtu mwingine uibebe.

NI MCHEZO WA ZAMANI

Wazee wa mji huu hawatashangaa wakisoma habari hii. Kilindini kwa miaka mingi ilipakiwa na kupakuliwa kwa mikono ya vibarua wa kutwa. Tajiri alisema: kibarua ni mtu huru, aja siku atakayo. Lakini uhuru huo ulikuwa wa tajiri, maana siku isiyo na meli kibarua hakula. Agosti 1939 watu wa bandari waligoma. Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ulisimama: watu wa bandari, watu wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, zaidi ya 15,000, kwa siku 12. Walikusanyika Kiwanja cha Maskini. Hapo ndipo kilipopata nguvu chama cha African Workers Federation, na kiongozi wake Chege Kibachia akakamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule na kupelekwa mbali na mji. Machi 1955 bandari iligoma tena, na Tom Mboya akaja kusaidia katika mapatano.

Yako mafunzo mawili katika habari hizo. La kwanza, katika 1947 watu hawakuulizana, "Wewe ni wa mwezi au wa kutwa?" Waliulizana bei ya unga na kodi ya chumba. La pili, kelele zile hazikupotea. Katika miaka ya 1950 vibarua wa bandari walipewa kazi yenye utaratibu zaidi. Na leo kifungu cha 37 cha Sheria ya Kazi chasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi 1, au akipewa kazi ambayo kwa jumla yake haiwezi kwisha chini ya miezi 3, ahesabiwe kuwa mtu wa mwezi. Mlango wa ukibarua wa daima ukafungwa kwa sheria. Sasa matajiri wengine wameona dirisha: ikiwa kibarua hawezi kukaa kibarua, basi aitwe kampuni. Dirisha hilo nalo lina njia ya kufungwa.

CHAMA KIFANYE NINI?

Tumesikia wanachama wakisema, "Hao wenye kampuni wametusaliti. Wasiingie mkutanoni." Twaelewa hasira yao, lakini hatukubaliani nao. Wengi wa hao hawakuchagua. Waliwekewa karatasi mezani: tia sahihi au nenda nyumbani. Mwenye watoto wanne na kodi ya chumba hakupewa nafasi ya kuchagua.

Tena fikirini kwa faida yenu wenyewe. Mahali penye watu 100, tajiri akiwageuza 60 kuwa kampuni, wamebaki 40. Hao 40 wakiomba nyongeza, tajiri awaonyesha wale 60 wasio na likizo. Wakigoma, wale 60 waingia kazini. Hatimaye na wale 40 wataletewa karatasi.

Na wale 60 wafanye nini peke yao? Wafanya kazi wakikaa pamoja kudai mshahara, hiyo ni haki yao katika kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010, kisemacho kila mfanya kazi ana haki ya malipo ya haki, ya kuingia chama na ya kugoma. Lakini makampuni yakikaa pamoja kupanga bei, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 huyatazama kwa jicho kali. Mnaona basi? Jina lile lile la kampuni linalomnyima mtu likizo laweza pia kumfunga mdomo asiungane na wenzake.

Kwa hiyo maoni ya ukurasa huu, yatakayoletwa mbele ya mkutano wa tawi, ni haya. Mtu afanyaye kazi kwa mikono yake mwenyewe, chini ya amri ya tajiri mmoja, akubaliwe kuwa mwanachama hata kama ana cheti cha kampuni, na alipe ada kwa mkono ikiwa tajiri akataa kuikata. Mtu aliyeajiri wengine kweli, akila kwa jasho lao, huyo ni tajiri. Tutaongea naye, lakini mezani atakaa upande wa pili. Na katika mapatano yajayo tudai maneno haya yaandikwe: kazi ya kila siku na ya daima ifanywe na waajiriwa.

MAMBO YA KUFANYA SASA

Usitie sahihi karatasi ya kampuni kabla ya kuileta ofisini isomwe. Kuomba siku mbili za kufikiri si utovu wa adabu.

Ikiwa umekwisha tia sahihi, weka kila kitu: pasi ya lango, orodha za zamu, ujumbe wa simu wa nyapara akikuamuru uje saa fulani, picha ya sare, karatasi za benki na M-Pesa. Hayo ndiyo matendo yatakayosema mbele ya jaji karatasi ikisema uongo.

Ukiumia, toa habari siku ile ile, kwa tajiri na kwa chama, hata ukiambiwa wewe ni kampuni. Madai ya WIBA yana muda wa miezi 12. Madai mengine ya kazi kwa kawaida yana muda wa miaka 3. Mtu akilala, haki yake hulala naye, na ya kwake haiamki.

Ukikatazwa haki yako, nenda Ofisi ya Leba pamoja na mwakilishi. Usiende peke yako na usiende kwa ugomvi. Nenda na karatasi.

Ndugu zetu, hatuna chuki na mtu atakaye kuacha kazi akafungue biashara yake. Akipata, tutakuwa wateja wake. Tunachokataa ni mtu kuvuliwa haki zake kisha kupewa muhuri wa kampuni aushike badala ya haki hizo. Mwenye kujiajiri kweli ana uhuru na ana hatari, vyote viwili. Mwenzetu huyu amepewa hatari, uhuru umebaki kwa tajiri.

Mkutano wa tawi utakapoitwa, njoni kwa wingi, na kila mmoja amlete mwenzake mwenye "kampuni". Akione kiti chake kipo.

Umoja ni nguvu.